Yule bibi wa ndala kwenye stendapu ya tamasha hapa Tabora: alipangwa au alisimama mwenyewe?

#1 Mwana Isevya

Wakuu, habari za jioni. Naomba mliokuwa ukumbini Jumamosi mnisaidie, na wajuzi wa sanaa pia.

Kwa ambao hamkuwepo: ilikuwa siku ya pili ya tamasha la sanaa hapa mjini. Mchana ngoma na vinyago, usiku stendapu, yaani mchekeshaji mmoja jukwaani na maiki, kiingilio elfu tano. Mlangoni hatukupewa tiketi. Mchekeshaji mwenyewe alisimama na beseni la bluu, kila anayeingia anachotewa kitu kimoja. Kijiko, kifungo cha koti, gunzi, betri iliyokufa. Mimi nilipata kufuli dogo la shaba, limefungwa, ufunguo hamna. Mama yangu alipata kipande cha chaki. Mbele yetu alikaa bibi mmoja, kanga kichwani, yeye kapewa ndala moja ya kijani, ya mguu wa kushoto.

Jamaa akapanda akasema, "Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na sikuja na kichekesho hata kimoja. Vyote mmevishika ninyi." Anataja kitu, mwenye nacho anasimama, wanaongea, kichekesho kinazaliwa hapo hapo. Mwenye betri alikuwa dereva wa bodaboda. Ikaishia ukumbi mzima tumesimama tunapiga kiki pikipiki isiyotaka kuwaka asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Wazee kwa watoto, mguu mmoja chini, mdomoni vruu, vruu, inazima.

Saa tatu na kitu umeme ukakatika. Watu wakawasha tochi za simu, akaomba tuzizime. Giza totoro. Akasema kwa sauti ndogo tu, "Mwenye ndala."

Kimya. Halafu ikatoka sauti mbele yetu:

"Mzaramo! Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu yao miwili. Wewe umekuja na basi, halafu mimi unanipa ndala ya mguu mmoja?"

Ukumbi ulipasuka. Bibi hakunyamaza. Robo saa nzima gizani anamsema yule kijana: mwendo wake, suruali yake iliyobana, jina alilopewa na nani, nyumbani amemwacha nani anampikia. Kijana anajibu, "Ndiyo, bibi," "Samahani, bibi." Umeme uliporudi, bibi yuko mbele kavaa kofia ya mchekeshaji, na mchekeshaji kakaa kwenye kiti cha plastiki cha bibi, ndala kaikumbatia kifuani. Kofia hakurudishiwa mpaka alipotoa elfu mbili.

Sasa swali: yule bibi alipangwa?

Nina sababu ya kuuliza. Mama hakuwa ametoka nyumbani tangu tumzike mzee mwezi wa tatu, zaidi ya kwenda kanisani. Usiku ule alicheka mpaka akaniegemea begani, chozi linamtoka, ile chaki imesagika mkononi. Tangu Jumapili ananiuliza, "Yule mwenzangu anakaa wapi?" Anataka kumtembelea. Nataka nijue namtafuta bibi wa mtaani au mwigizaji aliyekwisha kurudi Dar.

#2 Asali Mbichi

Nilikuwepo, safu ya nyuma. Nilipewa kijiko na sikuitwa mpaka mwisho, bado kinaniuma. Ngoja waje wajuzi.

#3 MC Mapambo

Mleta mada, pole na msiba. Nitakujibu kama mtu wa kazi. Nina miaka kumi na moja nashika maiki kwenye harusi na sendoff. Yule alipangwa.

Sikiliza kwa nini. Kila MC ana shangazi wake. Unafika mapema, unaangalia meza ya wanawake watu wazima, unamwona yule ambaye akiongea wenzake wanageuka. Unamwamkia, unamnong'oneza, "Shangazi, nikisema neno fulani, wewe nijibu." Basi. Sherehe ikilala, shangazi anaamka nayo. Hakuna mtu anayeacha robo saa ya shoo yake mikononi mwa mtu asiyemjua.

Halafu jiulize, sauti yake ilifikaje nyuma mpaka kwa Asali Mbichi? Alikuwa na maiki.

#4 Fundi Redio

#3 hapo kwenye maiki umeteleza. Umeme ulikatika. Spika zilizima, mchekeshaji naye alikuwa anaongea kwa koo lake. Mimi ndiye niliyekuwa nasaidia kwenye vyombo. Maiki zote mbili zilikuwa mezani kwangu, nimezishika kwa mkono zisianguke gizani.

Ule ukumbi ni bati tupu juu na kuta za saruji. Mtu aliyezoea kuita wateja sokoni anasikika mpaka nje.

#5 MC Mapambo

Fundi nimekuelewa, maiki naifuta. Shangazi siifuti.

#6 Kijana wa Cheyo

Kama bibi alipangwa, na kukatika kwa umeme kulipangwa? Maana bila giza ile kitu isingekuwa vile.

#7 Mnyonge wa Gongoni

Hapo sasa. Kwetu Gongoni usiku ule umeme haukukatika. Nilikuwa naangalia mpira, dakika tisini zote.

#8 Kijana wa Cheyo

Cheyo ulikatika. Nilikuwa ukumbini, lakini mke wangu nyumbani alipika kwa mwanga wa simu.

#9 Asali Mbichi

Na Ng'ambo je? Watu wa Ng'ambo njooni mtoe ushahidi.

#10 Mkaazi wa Ng'ambo

Ng'ambo ulikuwa unacheza, unawaka unazima. Hatuwezi kuapa.

#11 Nguru wa Pwani

Mimi ni Mzaramo kamili, Tabora nimekaa miaka sita, na uzi huu unaniuma kwa sababu mnazunguka mbuyu. Hakuna kupangwa hapo. Ule ni utani, wenyewe kabisa.

Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mpagazi anatoka hapa Unyanyembe na mzigo wa kilo thelathini kichwani au begani, anatembea miezi miwili, mitatu, anafika pwani mgonjwa, hana ndugu. Nani atamlaza, na akifa nani atamzika? Mzaramo. Na Mzaramo akifika huku bara, vivyo hivyo. Watu waliozikana hawawezi kugombana. Ndiyo maana Mnyamwezi akinikuta barabarani ananivua kofia mbele ya watu, na mimi siwezi kukasirika, natoa hela nakomboa. Hiyo elfu mbili ya mchekeshaji nyie mmeona kichekesho, mimi nimeona sheria.

Kijana alikosea mwenyewe. Alipanda jukwaani katikati ya Tabora akatangaza kwamba yeye ni Mzaramo. Kwa bibi wa Kinyamwezi hiyo ni hodi.

#12 Mwana Isevya

#11 umenigusa. Kuna jambo sikuliandika. Mama anasema ile sauti anaifahamu. Siku tunamzika mzee walikuja watani, kati yao mama mmoja mtu mzima aliyeingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, na marehemu asubiri nje kama wageni wengine. Watu walicheka makaburini na machozi usoni. Mama anadhani ni yeye. Mimi siku hiyo sikuona sura ya mtu.

#13 Binti Urambo

Nimesoma #12 mara mbili. Mungu amlaze mzee pema.

#14 Mjukuu wa Mpagazi

Naongeza kidogo kwa #11. Kwetu tunaambiwa utani ulitokana na vita, si biashara. Makabila yalipigana, yakachoka, yakakubaliana kwamba kuanzia leo tutatukanana tu. Babu yangu ndivyo alivyosema kuhusu utani wetu na makabila ya njiani.

#15 Mwalimu Mstaafu

Mwangaluka nyote.

#11 na #14 mnaweza kuwa sawa wote wawili, kwa sababu utani hauna asili moja. Upo wa makabila, upo wa koo, upo wa babu na mjukuu, upo wa shemeji. Mmoja wa watu wa mwanzo kuuandikia makala ni Moreau, Mwingereza aliyekuwa Amani kule Tanga. Kazi yake hasa ilikuwa ndege, lakini miaka ya 1940 alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown akaandika kuwa utani ni ruhusa ya kuvunjiana heshima, na kwamba anayetaniwa hana haki ya kukasirika. Tangu hapo wasomi hawajaacha kubishana.

Ila mimi nataka kuwapeleka pengine. Mnasema "stendapu ya kushirikisha watazamaji" kama kitu kipya kilichoshuka na basi la Dar. Huku kwetu ngoma haikuwahi kuwa na safu ya mbele. Chukueni Wagika na Wagalu wa Usukumani. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo mchezaji anafanya kila hila: analeta nyoka, fisi, kinyago kirefu, anajifanya askari, anajifanya mzungu. Mtazamaji ndiye mwamuzi, na anahukumu kwa miguu yake. Akikuchoka, anavuka kwenda upande wa pili.

Hapa Tabora tulikuwa na ngoma ya manyanga, na kikundi cha Hiari ya Moyo cha mzee Mwinamila. Nimesimama kwenye duara lile nikiwa kijana. Hukujua kama wewe ni mtazamaji au mwitikiaji. Wimbo unakuja kwako, unajibu.

Yule bibi ana umri wangu au zaidi. Hakuona jukwaa pale. Aliona uwanja, akaitwa, akaingia.

#16 MC Mapambo

Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu, lakini ndugu zangu, mtu anayejua kuingia uwanjani ndiye rahisi kupangwa!

#17 Mwisho wa Reli

Salaam kutoka Kigoma. Nimefuatilia kimya, sasa nasema: watu wa Mboka Manyema, yaani hiyo Tabora yenu, mnajisifu sana. Hiyo shoo mliyoiona ninyi Jumamosi, sisi huku tuna iliyotangulia. Mwaka 1871 Stanley amefika Ujiji, amezungukwa na umati, mbele yake kasimama mzungu mmoja tu, mji mzima mzungu ni yeye peke yake, halafu anavua kofia anamuuliza, "Bila shaka wewe ni Daktari Livingstone?" Jibu analo, swali anauliza, watu wamejaa. Hebu niambieni kama hiyo si stendapu.

#18 Kijana wa Cheyo

#17 kabla ya kufika kwenu alipita kwetu, alikaa Kwihara. Na walipomaliza kusalimiana wakarudi Kwihara wote wawili. Tembe lipo mpaka leo, njoo uone. Ninyi mlipata salamu tu.

#19 Mwisho wa Reli

Na dagaa. Tulipata salamu na dagaa.

#20 Asali Mbichi

Jamani msihamishe uzi. Ila #17 ukija, usije mikono mitupu, leta migebuka iliyokaushwa vizuri. Nitakupa asali ya miombo halisi, ile nyeusi.

#21 Mvua ya Masika

Habari wakuu. Nilisoma Edinburgh, Uskoti, mwaka mmoja na nusu. Naomba niseme ninachokijua, maana aina hii ya shoo kule ni chakula cha kila siku mwezi wa nane.

Mwaka 1947 walianzisha tamasha kubwa la sanaa pale. Vikundi vinane vya maigizo vikaja bila kualikwa, vikatafuta kumbi pembeni vikafanya mambo yao. Ndipo ukaanza utamaduni wa "pembezoni", ambao leo umekuwa mkubwa kuliko mwenyeji wake. Hakuna kamati ya kukuchagua. Ukipata chumba na ukaweza gharama, unapanda. Watu wanafanya shoo kwenye baa, kwenye madarasa ya chuo, kwenye vyumba vya chini ya ardhi vinavyonuka unyevu. Nyingine kiingilio bure, mwishoni mchekeshaji anasimama mlangoni na ndoo, unatia ulichonacho. Mchana utamkuta mtu huyo huyo barabarani anagawa karatasi za kujitangaza, mvua inamnyea.

Niliingia moja, viti thelathini hivi. Mchekeshaji alitupa karatasi, akaomba kila mtu aandike deni moja ambalo hajalilipa. Akazisoma moja moja bila majina. Ya kwangu ilikuwa hela ya daladala niliyokopa kwa rafiki yangu Tabora nikiwa kidato cha pili. Alipoisoma, akauliza daladala ni nini, nikajikuta nimesimama nawaeleza wazungu namna konda anavyoning'inia mlangoni. Nilikuwa naona aibu hata kuongea darasani. Siku ile niliongea dakika tano.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: hakupangwa, wala haukuwa utani peke yake. Ni kile kitu cha mlangoni. Ukipewa kitu mkononi, umeshaingia kwenye shoo kabla hujakaa. Mtu mwenye ndala anakaa saa nzima anawaza, "Hii ndala ataniuliza nini?" Anatunga jibu moyoni. Bibi alikuwa na saa nzima ya kutunga. Na ufundi mkubwa wa yule kijana haukuwa kuongea, ulikuwa kukaa chini. Wachekeshaji wengi wangegombania kumjibu.

#22 Nguru wa Pwani

#21 umeeleza vizuri, lakini ukimweka Mmakonde au Mhaya pale badala ya Mzaramo, bibi yule angevua mtu kofia?

#23 Mvua ya Masika

Pengine asingeivua. Pengine angesema jingine. Hapo sina ubishi.

#24 Daktari wa Kijiji

Mnasahau giza. Kicheko kinaambukiza. Mtafiti mmoja wa Marekani, Robert Provine, alifuatilia vicheko vya watu katika maisha ya kawaida, akakuta mtu hucheka mara thelathini zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na mara nyingi kinachochekesha si kichekesho kabisa, ni maneno ya kawaida. Mkizimiwa taa, huoni aibu ya mwenzako wala yeye haoni yako. Pale hata mtu angesema "habari za jioni" mngepasuka. Bibi alikuta moto umeshawashwa.

#25 Mnyonge wa Gongoni

#24 umenikumbusha. Si ndio kama wale wanafunzi wa hapa Tabora mwaka 1962 waliocheka miezi mpaka shule ikafungwa?

#26 Daktari wa Kijiji

Haikuwa Tabora. Ilikuwa Kashasha, upande wa Muleba, Kagera, shule ya wasichana. Ilianza Januari 30, 1962 kwa wasichana watatu, wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa Machi 18. Na tafadhali tusiiweke pamoja na stendapu. Wale watoto hawakuwa na furaha. Walicheka na kulia kwa zamu, wengine walikimbia huku na huko kwa hofu. Madaktari walioichunguza hawakukuta sumu wala kirusi, wakaona ni hofu na msongo uliosambaa kwa kundi.

#27 Mnyonge wa Gongoni

Asante kwa kunisahihisha. Nilikuwa nahadithiwa tofauti.

#28 Mwana Isevya

#24 nakubali giza lilisaidia. Lakini mama yangu alikuwa na miezi minne amezungukwa na watu, wanakuja kumfariji, wanacheka sebuleni, yeye hacheki. Wenzake walikuwepo. Giza lilikuwepo kila usiku.

#29 Daktari wa Kijiji

Nimekusikia ndugu yangu.

#30 Mama Karanga

Mimi si mtu wa kuandika humu, mwanangu ndiye amenionyesha. Bibi mnayemsema kama ni mfupi, mweupe kidogo, ana pengo la mbele, anauza sokoni upande wa mihogo. Mdomo wake unajulikana. Akikuuzia fungu anakuuzia na tusi la kupendeza juu yake.

#31 Asali Mbichi

Mfupi ndiyo. Weupe sikuuona, taa iliporudi nilikuwa nafuta machozi.

#32 Fundi Redio

Mimi nilimwona kwa karibu alipopanda. Hakuwa na pengo. Alikuwa na jino la fedha upande wa kulia, lilimeta kwenye taa. Na viatu vyake alivivua, alipanda pekupeku, ile ndala kavaa mguu mmoja kabla ya kumtupia kijana.

#33 Kijana wa Cheyo

Ndala alimkabidhi, hakumtupia.

#34 Fundi Redio

Alimtupia, kijana akaidaka. Nilikuwa hatua tatu.

#35 MC Mapambo

Mnaona? Mtu wa mtaani, ukumbi umejaa, na bado hakuna anayemjua jina wala jino. Mji wetu si mkubwa hivyo. Huyu ni mgeni, alikuja na kijana.

#36 Mwalimu Mstaafu

MC, kwa tamasha watu wamekuja kutoka Sikonge, Uyui, Nzega, Igunga, mpaka Kaliua. Si lazima tumjue.

Na nikurudishe nyuma kidogo. Miaka ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, kule Kwimba. Walikaa na wanakijiji, wakatengeneza michezo juu ya matatizo ya pale pale, ikachezwa na wanakijiji wenyewe, kisha ikajadiliwa. Nilikuwa mwalimu kijana, habari zile tulizifuata kwa hamu. Sasa mtu kama yule bibi, kama alipata kupitia vikundi vya namna hiyo wakati wa ujana wake, utasema alipangwa au alifundishwa? Kati ya kupangwa na kuzuka kuna nafasi kubwa sana, na wengi wetu tuliimba ngonjera shuleni ndani ya nafasi hiyo.

#37 MC Mapambo

Mwalimu hapo umenifungia njia kwa upole. Nafikiria.

#38 Mwana Isevya

Mrejesho. Jana nimempeleka mama sokoni upande wa mihogo kama Mama Karanga alivyoelekeza. Tumemkuta. Ana pengo kweli. Siye. Anasema Jumamosi alikuwa kwake anaumwa mgongo, na kwamba angekuwepo yule Mzaramo asingeondoka na suruali.

Lakini mama alikaa naye kwenye gunia karibu saa mbili. Mimi niliondoka nikarudi. Walikuwa wanamenya karanga, wanasema watu.

#39 Mama Karanga

Karibuni tena. Mama yako mcheshi, amenunua fungu moja kapewa matatu.

#40 Binti Urambo

Mleta mada, nimekaa na hili tangu juzi. Wewe uliandika ulipewa kufuli la shaba lisilo na ufunguo. Mimi kwenye beseni nilichotewa ufunguo. Mdogo, wa shaba, una kamba nyekundu. Sikuitwa. Nimeuweka kwenye pochi.

#41 Asali Mbichi

Weeee!

#42 Mwisho wa Reli

Hapo hata mimi napanda treni nije kuona.

#43 Mvua ya Masika

Nilijua kuna kitu ndani ya lile beseni. Kama kufuli linafunguka, basi aligawa vitu kwa hesabu, anajua nani kampa nini. Na kama ni hivyo, ndala nayo alimchagulia bibi.

#44 MC Mapambo

Nimerudi! Fungueni hilo kufuli.

#45 Nguru wa Pwani

Likifunguka, bado hamjajibu la kofia.

#46 Binti Urambo

Alhamisi naja mjini kuchukua mzigo wa duka. Tukutane stendi, mchana.

#47 Mwana Isevya

Sawa dada. Nitakuja na mama, amesema haachwi.

#48 Mkaazi wa Ng'ambo

Mtuletee mrejesho kabla umeme haujaanza kucheza.

#49 Mwana Isevya

Tumekutana stendi, kwenye benchi la mama ntilie. Ufunguo umeingia mpaka mwisho, lakini haugeuki. Nimejaribu mara tatu. Dada akajaribu. Mama akaomba mafuta ya kupikia kwa mama ntilie, tukadondoshea, tukangoja chai iishe, tukajaribu tena. Umegoma. Meno yanalingana kabisa na tundu, sijui kinachozuia ni nini.

Dada kamwachia mama ufunguo. Mama kaufunga kwenye pindo la kanga.

#50 Msomaji Mpya

Wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Niko Nzega. Jumamosi ile na mimi nilikuwepo, nilikaa safu ya tatu karibu na dirisha.

Na mimi nilipewa ufunguo.